MBOLEA YA MAJANI YA NG'OMBE
Jinsi ya kuichagua na jinsi ya kuitia

Mkulima wa milimani akiulizwa mbolea ni ya nini, hujibu upesi kwamba ni ya migomba na kahawa. Akizidi kuulizwa, husema: na ya mahindi. Sijapata kumsikia hata mmoja aliyejibu kwamba ni ya majani. Majani, asema, yameumbwa yaote. Hukatwa, yakaota tena. Karatasi hii yataka kuonyesha kwamba mawazo hayo ndiyo yanayokausha viwele vya ng'ombe wetu wa ndani, na kueleza mkulima afanye nini.

Kiangazi kimoja niliitwa na mama mmoja katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Nilimkuta amekaa kando ya hori, mzigo wa majani u chini, na kata bado i kichwani.

"Bwana Shamba," aliniambia, "majani yangu yamezeeka. Nimeamua kumwuza huyu ng'ombe, nipumzike."

"Mama, yamezeekaje? Uliyapanda lini?"

Aliyapanda miaka minane nyuma, mabingobingo, kandokando ya makingamaji yake. Miaka mitatu ya kwanza alikata hapo hapo nyumbani, hata akawagawia jirani. Baadaye yakapungua. Sasa alikuwa akitoka alfajiri kwenda tambarare kutafuta majani, na kurudi jua la utosi akiwa na mzigo mmoja tu. Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita 9 hata lita 4 kwa siku, na karo ya mtoto ilitoka katika maziwa hayo.

Tuliyatembelea majani yake kutoka juu mpaka chini. Yalikuwa membamba, ya manjano, na miti yake migumu kama fimbo. Lakini mwisho kabisa wa kishamba, nyuma ya zizi, palikuwa na mashina kama kumi yaliyonipita kimo, yenye majani mapana ya kijani kizito. Nikamwuliza sababu. "Hapo pana maji," akasema. Nikamrudisha juu, ambapo mfereji hupita hatua mbili tu kutoka kwenye mashina, na udongo ulikuwa umelowa vema. Lakini majani ya pale yalikuwa ya manjano kama yale mengine. Basi haikuwa maji. Tulipolichungulia zizi kwa nyuma tuliona ufa katika ukuta, na mkojo wa ng'ombe ukichuruzika kwenda kwenye yale mashina kumi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa akitufundisha somo hili kwa miaka, nasi tulikuwa hatumsikilizi.

DENI LA SHAMBA LA MAJANI

Kila mzigo wa majani utokao shambani hutoka na chakula cha udongo. Tufanye hesabu. Ng'ombe wa maziwa wa kadiri hula kilo 50 au zaidi za majani mabichi kwa siku. Sehemu kubwa ya hayo ni maji; yakikaushwa kabisa hubaki kilo 10 hivi. Ndani ya kilo hizo 10 mna yapata gramu 140 za naitrojeni, ambayo ndiyo chakula cha ukijani na ukuaji, na potasi yapata gramu 250. Hesabu hizi hubadilika kwa umri wa majani na aina ya udongo, lakini zatosha kutuonyesha njia. Kwa mwaka mzima, naitrojeni peke yake yafika kilo 50. Mfuko mmoja wa mbolea ya CAN wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13. Maana yake ni kwamba ng'ombe mmoja hubeba kutoka shamba la majani, kila mwaka, mali ilingane na karibu mifuko minne.

Je, mali hiyo yaenda wapi? Kidogo hutoka katika maziwa. Iliyo nyingi hutoka nyuma ya ng'ombe, katika kinyesi na mkojo. Kisha sisi twaichukua yote na kuitia katika migomba na kahawa. Mwaka hata mwaka majani hutoa, nayo migomba hupokea. Mzee mmoja nilipomwambia ayarudishie majani fungu la samadi alicheka, akasema kuyapa majani samadi ni kama kumvika mbwa kanzu. Sikubishana naye, nilimwomba tu anionyeshe ng'ombe wake, na mbavu zake zilihesabika.

Malishoni mambo ni tofauti, kwa kuwa ng'ombe akila hapo hunya hapo, na deni hulipwa papo hapo. Ukitazama malisho yoyote baada ya mvua utaona mabaka ya kijani kizito palipomwagika mkojo. Ng'ombe wa ndani hawezi kulipa deni mwenyewe. Yatupasa tumlipie sisi.

SAMADI NDIYO YA KWANZA

Kabla hujaenda dukani, tazama kwanza unapoteza nini nyumbani. Ng'ombe wa kadiri hutoa kila siku yapata kilo 20 za kinyesi kibichi na lita 10 za mkojo. Kinyesi watu hukitunza, mkojo huuachia ardhi. Hili ni kosa kubwa, maana potasi iliyo nyingi imo katika mkojo, pamoja na sehemu kubwa ya naitrojeni. Atupaye mkojo hufanana na mtu atoaye nazi mchuzi akabaki na machicha.

Sakafu ya zizi na iwe ngumu, ya saruji au mawe yaliyoshindiliwa, nayo iinamie upande mmoja. Upande huo chimba kijifereji kiendacho kwenye shimo dogo au pipa lenye kifuniko. Asiyeweza saruji atandike matandiko mengi: majani makavu ya migomba, mabua yaliyokatwakatwa, au masazo ya hori. Matandiko hunywa mkojo, kisha hutolewa pamoja na kinyesi. Mkojo wa pipani changanya na maji, kipimo kimoja cha mkojo kwa vipimo viwili au vitatu vya maji, kisha mimina katikati ya mistari, udongo ukiwa na unyevu. Usiumimine juu ya majani, utayaunguza.

Samadi iwekwe kivulini, irundikwe vema na kufunikwa kwa majani ya migomba au bati kuukuu. Samadi iliyoanikwa juani na kunyeshewa mvua kwa miezi mitatu hubaki na sura ya samadi tu. Nguvu yake imeruka hewani na kushuka mferejini. Ili kujua kama rundo lafanya kazi, choma fimbo mpaka katikati, ngoja kidogo, ichomoe na kuishika. Ikiwa moto, rundo linaiva. Ikiwa baridi na kavu, linyunyizie maji na kuligeuza. Samadi iliyoiva haina harufu kali, haina moto, wala huwezi kutambua tena kipi kilikuwa kinyesi na kipi kilikuwa jani. Mbegu nyingi za magugu zimekufa kwa moto wa rundo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutotia samadi mbichi.

Kipimo: kilo 1 ya samadi iliyoiva kwa kila mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka, mvua zianzapo. Debe moja la samadi yenye unyevu wa kadiri latosha eneo la hatua tatu kwa hatua tatu. Itie kati ya mistari na kuifukia kidogo kwa jembe, bila kukata mizizi. Wenye samadi chache huniuliza wagawe vipi. Mimi husema: mafungu mawili yaende kwenye migomba na kahawa, la tatu lirudi kwenye majani. Najua wazee wa nyumba hawapendi kusikia hivyo.

Mama yule tuliyemtaja aliziba ufa, akachimba kijifereji, akaanza kurudisha fungu la tatu. Majani hayakubadilika kwa mwezi mmoja. Yalichukua mvua za misimu miwili. Sasa hukata nyumbani muda mwingi wa mwaka. Kiangazi kikikaza bado hushuka tambarare, lakini si kila siku, na ng'ombe hakumwuza.

KUSOMA JANI

Shamba lenyewe hueleza linachokosa, mradi mkulima ajue kulisoma. Majani ya chini, yaliyo mazee, yakianza kuwa ya manjano kutoka nchani na katikati ya jani, ni njaa ya naitrojeni; mmea huyanyang'anya majani mazee ili kuyalisha machanga. Majani yakiwa na rangi ya zambarau, mmea umedumaa na mizizi yake ni mifupi, mara nyingi ni njaa ya fosforasi. Kingo za majani mazee zikikauka kana kwamba zimepitishwa motoni, shuku potasi, hasa pale ambapo mabingobingo yamekatwa miaka mingi bila kulipwa.

Lakini tahadhari. Iko manjano isiyoponywa na mbolea yoyote. Katika Kenya, Uganda na Tanzania umo ugonjwa wa kudumaa kwa mabingobingo. Shina lililougua, baada ya kukatwa, huchipua vijani vidogo vingi vya manjano vilivyosongamana, na halirefuki tena. Huenezwa na wadudu wadogo warukao wafyonzao utomvu, na zaidi na sisi wenyewe tunapopeana vipando. Shina kama hilo usilipe mbolea. Ling'oe na mizizi yake na kulichoma, na vipando vipya uvitoe katika shamba ambalo umeliona kwa macho yako kuwa ni zima.

MBOLEA ZA CHUMVICHUMVI

Samadi isipotosha, na kwa wengi haitoshi, ndipo yafaa kununua. Nasema ndipo, kwa sababu nimeona watu wakinunua mfuko huku mkojo wa ng'ombe watatu ukitiririka njiani.

Usinunue kwa rangi ya mfuko wala kwa maneno ya mwenye duka. Soma tarakimu. Zimeandikwa tatu: ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potasi, na kila moja ni sehemu katika mia. Urea ina 46 ya kwanza, na mengine hapana. CAN ina 26 au 27. Salfeti ya amonia, ambayo watu huiita SA, ina 21, pamoja na salfa. DAP ina 18 na 46. TSP haina naitrojeni, ina 46 ya fosfeti.

Sasa piga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko wa CAN ni shilingi 60,000 na wa urea ni shilingi 69,000. Mfuko wa CAN una naitrojeni kilo 13. Basi kilo moja yakugharimu zaidi ya shilingi 4,600. Mfuko wa urea una kilo 23. Kilo moja ni shilingi 3,000. Mfuko ulioonekana ghali ndio ulio rahisi. Hata hivyo urea ina tabia ya kutoroka: ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu huku jua likiwaka, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea. Kwa hiyo anunuaye urea ni lazima awe mtu wa kufukia. Asiyependa kuinama anunue CAN.

SA nayo haifai kutumiwa mwaka baada ya mwaka katika udongo wetu wa milimani, ambao mvua nyingi zimekwisha kuufanya mchachu. Liko jambo la kujifunza kutoka Uingereza. Mahali paitwapo Rothamsted, Lawes na Gilbert walianza mwaka 1856 kujaribu mbolea mbalimbali katika uwanja mmoja wa majani, na jaribio hilo laendelea hata leo. Vipande vilivyopewa salfeti ya amonia kila mwaka bila chokaa vilikuwa vichachu mno. Aina nyingi za majani zikatoweka, zikabaki chache sana. Nyungunyungu nao wakaondoka, hata majani makavu yakawa hayaozi, yakarundikana juu ya udongo kama mkeka. Vipande vilivyopata chokaa havikuharibika hivyo. Basi ukitumia SA, usisahau chokaa, nayo chokaa itiwe wakati wake peke yake, isichanganywe na mbolea. Ndivyo ilivyo na majivu ya jikoni: ni mema kwa potasi, lakini yakichanganywa na SA au samadi mbichi huifukuza naitrojeni hewani. Urea na CAN pia usizichanganye katika chombo kimoja. Zitavuta maji na kuwa uji.

Fosforasi haitembei udongoni. Ukiirusha juu ya shamba la majani yaliyokwisha kukua, yakaa juu, na mizizi i chini. Wakati wake ni siku ya kupanda. Panda mabingobingo nafasi ya mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya shina na shina, na katika kila shimo tia kizibo kimoja cha soda cha TSP au DAP, uichanganye na udongo kabla ya kuweka kipando. Pia unaweza kutumia fosfeti ya Minjingu, itokayo karibu na Ziwa Manyara, ambako ndege wala samaki wa zamani za kale waliacha kinyesi na mifupa yao. Hiyo huyeyuka polepole, na katika udongo mchachu hufanya kazi vema. Tia kizibo kimoja na nusu.

KUITIA

Kipimo cha mbolea ya kukuzia ni chepesi kukumbuka: kizibo kimoja cha soda cha CAN kwa kila shina, mara tatu kwa mwaka. Kizibo hubeba gramu 5 hivi. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi tuliyotaja ina mashina kama 8,000. Kwa hiyo kila mara hutumia kilo 40, na kwa mwaka kilo 120, yaani mifuko miwili na nusu kasoro kidogo. Wengi wetu hatuna ekari ya majani, tuna mistari miwili mitatu ya makingamaji. Hao wahesabu mashina yao na kununua kwa kilo. Ukitumia urea, nusu kizibo hutosha.

Itie siku chache baada ya kukata na kupalilia, mvua za kadiri zinaponyesha. Chora kijifereji kuzunguka shina, umbali wa kiganja, nyunyiza, fukia. Usitie katika kiangazi, kwa kuwa mizizi hainywi pasipo maji. Usitie wingu likiwa jeusi la gharika, kwa maana mvua hiyo itaipeleka kwa jirani wa bonde. Na karibu na mfereji wa maji ya kunywa acha hatua kumi bila chumvichumvi. Watoto wetu hunywa hapo.

Habari ya umande naijua kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni tulitazamia mgeni mkubwa, na uwanja wa majani ya kikuyu mbele ya kanisa ulikuwa umefifia. Mimi na wenzangu wawili tulipewa ndoo ya SA tuutengeneze. Hatukupima. Tuliirusha kwa mikono asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, tukaenda darasani tukijisifu. Siku ya tatu uwanja ulikuwa na mabaka ya kahawia kama ngozi ya fisi, na mgeni alipita katikati yake. Chembe za mbolea zilishika kwenye majani yenye umande zikayaunguza. Kwa hiyo subiri majani yakauke, tia chini na si juu, na usipime kwa konzi ya mtu mwenye furaha.

Na kwa kuwa nimeutaja uwanja: walio na viwanja vya majani shuleni au kanisani hawahitaji mbolea nyingi. Wayaache majani yaliyofyekwa yaozee pale pale, badala ya kuyafagia na kuyachoma, na deni litakuwa dogo.

HATARI MBILI

Watu huiita mbolea hii chumvichumvi, na jina hili limeua. Urea ni nyeupe, ina chembe, na ng'ombe apendaye chumvi huilamba bila kusita. Kiasi kidogo tu chaweza kumwua kwa saa chache. Naijua nyumba moja iliyompoteza ndama hivyo: mfuko ulikuwa umeegemezwa kwenye hori wakati wa mvua. Mfuko na ukae juu ya mbao, mahali pakavu, penye mlango, mbali na chumvi ya mifugo na mbali na chakula cha watu. Vyombo vilivyopimia mbolea visirudi jikoni.

Ya pili ni kukata mapema. Majani yaliyotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni, hasa yakichipua upesi baada ya ukame, huweza kukusanya naitreti ndani yake. Ng'ombe akila mengi kwa njaa, damu yake hushindwa kubeba hewa. Hugeuka rangi ya kahawia, naye hutweta, huyumba, huanguka. Basi baada ya kutia mbolea ngoja wiki tatu au zaidi, majani yafike kiunoni, ndipo ukate, ukiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Yakiwa ya kwanza baada ya ukame, mpe kidogo kidogo pamoja na majani makavu. Ukiona dalili hizo, mwite daktari wa mifugo mara moja. Usingoje kuona kama ataamka.

Mwisho, usinisadiki kwa maneno. Katika mstari wako mmoja acha mashina matano bila mbolea, uyatie alama kwa vijiti, na yale mengine uyatie. Uyakate yote siku moja na kupima mizigo. Na ukija ofisini kuuliza juu ya majani yako, uje na jani moja la chini na moja la juu kutoka shina moja, pamoja na udongo wa kujaza kikombe, uliochimbwa kina cha kiganja. Maana yule asemaye tu kwamba majani yake ni mabaya humrudisha Bwana Shamba nyumbani kwake, na safari ni ndefu kwa wote wawili.